Safu ya Nne

Kila kijana anayepita hapa kibarazani kwangu Buzebazeba na kompyuta kwapani huniuliza, "Mzee Yasini, hii nichomeke wapi?" Nami humjibu, "Kabla hujachomeka, niambie nani anasema na nani anasikiliza." Wanatazamana, wanacheka, wanadhani mzee mambo yameanza kumpotea. Chekeni tu. Hata mimi nilicheka nilipoambiwa mara ya kwanza, na aliyeniambia akanichapa kisogoni na kitambaa chake cha kufutia vumbi.

Huyo alikuwa Mzee Bakari, fundi wa redio na televisheni pale Mwanga, karibu na soko. Alinichukua nikiwa na cheti cha kidato cha nne ambacho mama yangu alikikunja akakiweka chini ya godoro, akasema tutakitoa kikipoa. Hakijapoa mpaka leo. Kompyuta zilipoanza kuingia Kigoma, Mzee Bakari alizizunguka mara mbili, akasema hizi ni televisheni zilizosoma, akanisukumia mimi kwa sababu, kwa maneno yake, "na wewe umesoma kidogo." Ndivyo nilivyopata kazi niliyoifanya mpaka macho yakakataa kuona pini. Sikuwa na ndoto yoyote ya ufundi. Nilisukumwa.

Na mjue pia kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Dar es Salaam sijafika. Treni ipo, nauli nimewahi kuwa nayo, ila nasikia kule ugali wa muhogo ni wa kutafuta. Wenzangu walikwenda harusini Ilagala wakalala siku tatu. Mimi nilirudi siku ile ile, nilikumbuka godoro langu. Mke wangu, Mama Rehema, huwaambia wageni kwamba alioa yeye, kwa sababu aliyeolewa ndiye asiyetoka nje. Nawaambia haya ili baadaye msinionee huruma isiyostahili. Kupenda nyumbani kuliharibu kazi yangu siku moja, na siku hiyo ndiyo nataka kuwasimulia. Lakini kwanza niwafundishe kitu, msije mkasema mzee alituita kutulilia.

Monita za zamani zinapokea mawimbi. Plagi yake ni ya bluu, ina pini kumi na tano katika mistari mitatu, na skrubu mbili pembeni kama masikio. Hiyo ni VGA. Vifaa vipya havina habari na mawimbi, vinapelekeana tarakimu tu, na plagi yake ya kawaida ni ile bapa, HDMI. Sasa, anayesema kwa mawimbi na anayesikia kwa tarakimu hawaelewani hata ukiwakalisha mkeka mmoja. Wanahitaji mkalimani. Adapta ndiyo huyo mkalimani, na mkalimani wa kweli ana kichwa: ndani yake mna chipu inayotafsiri. Ukiona kitu kina umbo la plagi mbili tu na ndani ni waya mtupu, hicho si mkalimani, ni mtu aliyesimama katikati.

Halafu mkalimani huyu anajua kutafsiri kwa upande mmoja. Wa kutoka HDMI kwenda VGA hawezi kutoka VGA kwenda HDMI, hata umbembeleze vipi. Ndiyo maana ya swali la Mzee Bakari. Kompyuta ndiyo inayosema, kioo ndicho kinachosikiliza. Ulizia adapta dukani kwa kuanzia kwenye kompyuta, kisha ndipo utaje kioo.

Kuna plagi nyingine pana, nyingi ni nyeupe, inaitwa DVI. Hiyo iliniaibisha nikiwa bado na ndevu tatu. Kulikuwa na ofisi moja mjini imeletewa kompyuta, nami nikaenda na kebo ya DVI, ncha ya pili VGA ya monita. Ikagoma kuingia. Nikatazama: plagi yangu ina pini nne zimezunguka ule ubapa wa pembeni, na tundu la kompyuta halina nafasi ya hizo nne. Fundi mwenye akili angejiuliza hizo nne zina kazi gani. Mimi nilichukua koleo nikazing'oa moja moja, nikajipongeza, nikachomeka. Iliingia vizuri ajabu. Kioo kikabaki cheusi kama chungu.

Nilimpelekea Mzee Bakari ile plagi. Akaigeuza, akanitazama juu ya miwani.

"Yasini, hizi nne zimekwenda wapi?"

"Zilikuwa zinazuia, mzee."

"Hongera. Umemkata mtu ulimi ili apite mlangoni."

Pini zile nne, wanangu, ndizo zinazobeba mawimbi. DVI isiyo nazo haina mawimbi kabisa, na monita yako ya bluu haitapata kitu hapo mpaka umtafute mkalimani mwenye chipu. DVI yenye nazo inaweza kwenda VGA kwa adapta ya kawaida, nyepesi, isiyo na chipu. Tazama tundu la kompyuta kabla ya kwenda dukani. Na pini ikipinda, usitumie koleo, nakuomba. Toa mrija wa wino kwenye kalamu ya peni, ingiza pini kwenye kitundu kinachobaki nchani, inyooshe polepole kama unamwamsha mgonjwa.

Tena VGA haibebi sauti. Niliwahi kuonyesha video ya harusi ya mpwa wangu kwa VGA, sheikh anafungua kinywa na kufunga, bwana harusi anafungua na kufunga, ukumbi mzima kimya. Mama Rehema akasema kwa sauti, "Hii ndoa imefungwa na samaki." Alipata kicheko kikubwa kuliko cha mchekeshaji aliyelipwa.

Basi. Sasa tuje kwenye lenyewe.

Ilikuwa wakati Warundi walipoanza tena kuvuka ziwa kwa wingi, wakikimbia machafuko kwao. Nasema tena kwa sababu hapa Kigoma tumewapokea mara nyingi. Shangazi yangu alikuwa na mkeka wa wageni ambao haukuwahi kukunjwa. Shirika moja la wakimbizi lilikuwa na kituo cha muda hapa mjini, turubai kubwa nyeupe zikiwa zimefungwa kwenye nguzo, watu wanakaa siku mbili tatu kabla ya kupanda mabasi kwenda kambini. Walikuwa wanaletwa kwa boti na meli, wagonjwa na vikongwe wakitangulizwa, na katika kutangulizana huko watu wakapotezana. Mzee anashushwa hapa leo, mwanawe kesho, na huyu hajui yule yuko turubai gani, na majina kwenye daftari yalikuwa yanaandikwa haraka na kukosewa.

Karani wa pale alikuwa binti wa Mbeya, Anjela, mpole, mchapakazi, anaitikia kila kitu "ndiyo, baba." Kazi yake ilikuwa kuwapiga picha vikongwe na watoto waliofika peke yao, ambao walibakizwa kituoni mpaka wapate mtu wao. Alizipanga kwenye kompyuta, kila ukurasa safu nne, kila safu nyuso tano, na juu kabisa maandishi ya shirika. Watu walikuwa wanasukumana nyuma ya mgongo wake kutazama kile kimonita kidogo. Mkuu wa kituo akaamua iwekwe TV kubwa, watu wakae kwenye mikeka, kurasa zijipitishe zenyewe, kila mtu amtafute wake kwa heshima. Wazo zuri. Wakamwita fundi. Fundi ndiye huyu mnayemsoma.

Kompyuta ya Anjela ilikuwa ya zamani, ina VGA tu. TV ilikuwa mpya, ina HDMI tu. Nikaenda dukani Mwanga asubuhi, nikaona adapta: huku HDMI, huku VGA. Nikachukua bila hata kuigeuza. Nikafika, kila kitu kikaingia mahali pake: ncha dume ya HDMI kwenye TV, kebo ya VGA upande wa pili. Nikawasha. TV ikaandika kwamba haipati ishara yoyote.

Saa mbili nzima nilihangaika. Nilibadilisha kebo, nikapuliza matundu, nikaizima kompyuta nikaiwasha, nikamlaumu mwenye jenereta. Mkalimani niliyemnunua alikuwa wa kutoka HDMI kwenda VGA, nami nilitaka wa kutoka VGA kwenda HDMI. Mwenye miaka yote hiyo katika kazi! Niwape alama ya kutazama, msiumbuke kama mimi: mara nyingi ncha dume iliyo kwenye mwili wa adapta ndiyo inayoelekea kwenye kompyuta. Adapta yangu ilikuwa inaelekeza udume wake kwenye TV. Ilikuwa inanionyesha kosa langu mchana kweupe.

Nikapanda bodaboda kurudi Mwanga, nikaja na ya kweli, ile yenye mkia wa USB wa kujipatia umeme na kawaya ka sauti. Nikafunga na kebo ya matawi mawili, tawi moja kwa monita ya Anjela, la pili kwa TV. Picha ikatokea. Watu chini ya turubai wakapiga makofi, nami nikainama kama waziri.

Ila nyuso zilikuwa zimetanuka. Monita za zamani zina umbo linalokaribia mraba, TV mpya ni ndefu kwa ubavu, na TV ilikuwa imeivuta picha ijae. Mashavu yalikuwa kama maandazi. Watoto wakaanza kucheka, wanaonyeshana kwa vidole. Mzee mmoja akasimama, kofia mkononi.

"Fundi, hao ni wazee wetu. Mmewaweka hapo ili watoto wawacheke?"

Niliona aibu kweli. Nikachukua rimoti, nikabonyeza kitufe cha umbo la picha. Mara ya kwanza nyuso zikawa sawasawa, safu zote zikaonekana, lakini pembeni, kushoto na kulia, kukabaki weusi. Mkuu wa kituo akanung'unika, "TV kubwa hivi, halafu nusu yake giza?" Nikabonyeza tena. TV ikaikuza picha mpaka weusi ukaisha. Nyuso zimejaa, zina umbo lake, hakuna shavu lililovimba. Yule mzee akavaa kofia yake akakaa.

Niliona kwamba maandishi ya shirika kule juu yamekatika. Naapa niliona. Nikajisemea, afadhali, nani anasoma maandishi ya shirika? Haikunijia kabisa kwamba TV ikikata juu, inakata na chini. Saa saba ilikuwa imepita, Mama Rehema alikuwa ameniambia kuna migebuka, samaki wetu wa ziwani, kwa mawese, na kichwa changu kilikuwa kimeshafika nyumbani, kimeshanawa mikono.

Nikiwa nakusanya vifaa, mwanamke aliyekuwa amekaa mbele kabisa akanishika mkono wa shati. Alikuwa kama wa miaka thelathini na kitu, kitenge kimoja kimefungwa mara mbili. Kiswahili hakuwa nacho. Tulisemezana kwa Kirundi chake na Kiha changu, ambavyo vinaelewana kama ndugu wa mama mmoja.

"Amahoro, baba. Wewe ndiye mwenye hii?"

"Mimi ni fundi tu, mama. Unamtafuta nani?"

"Mama yangu, Veronika. Alipandishwa boti ya wagonjwa, mimi nikaachwa mpaka kesho yake. Jicho moja jeupe. Sikio la kushoto limechanika, hereni iliwahi kumchana." Akanionyesha kwenye sikio lake mwenyewe. "Naitwa Godeliva. Basi letu ni kesho kutwa. Sasa niambie, hawa wanaopita hapo ndio wote?"

Nilikuwa nafunga zipu ya begi.

"Ndio wote, mama. Kilichomo kwenye kompyuta ndicho unachokiona."

"Wote kabisa?"

"Kabisa."

Akaniachia shati, akarudi kwenye mkeka wake.

Nilikula migebuka. Ilikuwa mitamu, sitawadanganya.

Kesho yake nilirudi asubuhi kufuata bisibisi niliyoisahau, nikamkuta palepale. Jioni nikapita tena kumwekea Anjela flashi mpya, yuko palepale. Kuna mwanamke mwenzake alimpa kikombe cha uji, akakipokea bila kukitazama, akanywa huku macho yakiwa kwenye TV. Kurasa zilikuwa zinabadilika kila baada ya muda mfupi, na kila moja ikija alikuwa anaanzia kushoto, anakwenda kulia, anashuka safu, kama mtu anayesoma. Akifika safu ya tatu anasubiri ukurasa mwingine. Nilisimama nikamtazama kwa muda, nikasikitika, nikaenda zangu nyumbani. Siku iliyofuata akapanda basi.

Ikapita wiki. Mvua ikatoboa turubai, Anjela akanipigia nije nihamishe TV. Niliihamisha, nikafunga, kisha nikasimama nyuma ya kiti cha Anjela kuona kama picha iko sawa. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuviona vioo vyote viwili kwa pamoja. Siku zote Anjela alikuwa ameipa TV mgongo, na mimi nilikuwa nimeipa mgongo monita.

Kwenye monita kulikuwa na safu nne. Kwenye TV kulikuwa na tatu.

Nilihesabu tena kama mtoto wa darasa la kwanza, kwa kidole. Nikachukua rimoti, nikabonyeza mpaka weusi wa pembeni ukarudi. Na safu ya nne ikapanda kutoka chini, nyuso tano. Ukurasa ukabadilika, tano nyingine. Ukabadilika, tano nyingine. Katika ukurasa wa sita, safu ya chini, wa pili kutoka kushoto, kikongwe mwenye jicho jeupe alikuwa ananitazama kwa lile zima. Sikio la kushoto limechanika.

"Anjela, huyu bibi yuko wapi?"

"Huyu? Bibi Veronika. Ameondoka juzi, baba."

"Kambini?"

"Hapana. Kwao. Kulikuwa na watu wanarudi, akang'ang'ania kwenda nao. Tulimsihi, mkuu mwenyewe alimsihi. Alikuwa turubai ya pili pale, anaona wenzake wanakuja kuchukuliwa na watoto wao. Akasema, kama ningekuwa na mtu, angeshakuja. Nirudisheni nikafie kwangu."

Turubai ya pili. Hatua sitini kutoka kwenye ule mkeka, labda sabini. Bibi alikuwa haoni vizuri na hatembei. Binti alikuwa hathubutu kuondoka mbele ya TV asije akapitwa na ukurasa.

Nilimwambia Anjela kwamba huyo bibi ana binti, na nikamtajia jina. Hilo nilisema. La pili sikusema. Nilidhani nitalisema baadaye, nikishatuliza moyo.

Godeliva akarudishwa kutoka kambini siku tatu baadaye. Mkalimani wa shirika alikuwa safarini, hivyo wakaniita mimi nikatafsiri. Tulikaa wanne: mkuu wa kituo, Anjela, yeye na mimi. TV ilikuwa imewashwa, ukurasa wa sita umesimamishwa. Godeliva aliuona uso wa mama yake, akaweka kiganja kwenye kioo.

"Huyu hakuwapo," akasema.

Nikatafsiri.

"Alikuwapo," Anjela akasema. "Mwambie, baba, hiyo picha niliiweka kwa mkono wangu siku aliyofika. Hakuna niliyemwacha."

Nikatafsiri.

"Nilitazama siku mbili. Mama yangu mzazi. Ningemwona hata mgongo."

Nikatafsiri. Mkuu wa kituo akakuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka.

"Mwambie pole sana. Mwambie walikuwa wamesafiri, wamechoka, hali ilikuwa ngumu. Labda alisinzia kidogo, ukurasa ukampita. Inatokea."

Rimoti ilikuwa mfukoni mwangu, nimeifumbata mpaka vitufe vinanichoma kiganjani. Ilinibidi kusema neno moja tu, na nililijua kwa Kiha, kwa Kiswahili, hata kwa Kiingereza cha cheti changu. Nikageuka kwa Godeliva, na kwa sauti nzuri kabisa nikamwambia, "Anasema labda ulisinzia."

Aliutazama ule uso, kisha akatazama mikono yake.

"Labda," akasema. "Labda nilisinzia."

Nikatafsiri hilo pia.

Mnaniuliza niliogopa nini. Nimeshalijibu swali hilo kwa njia nyingi: kwamba shirika lingeninyang'anya kazi, kwamba mji ni mdogo, kwamba haitamrudisha bibi. Yote ni kweli kidogo. Lakini nadhani niliogopa tu yale macho yake yanigeukie. Nilikwenda nyumbani nikakaa kwenye kiti changu. Nilimweleza Mama Rehema yote. Kwa mara ya kwanza hakunitania.

"Nenda ukamwambie," akasema.

"Kambini? Kule ni mbali, kuna vibali, kuna barabara ya vumbi."

"Baba Rehema, nenda."

Sikwenda. Kwanza ilikuwa mvua, kisha kazi, kisha goti. Mama Rehema alilitaja kwa miezi michache, halafu akaacha, na alipoacha nikaona vibaya zaidi. Kazini nikawa fundi msumbufu. Mtu ananiletea adapta, picha inatokea, anataka kuondoka, nami namshika: ngoja, peleka kishale kwenye pembe zote nne, unakiona? Fungua ukurasa wenye mstari kuuzunguka, mistari yote minne ipo? Kama TV inakata kingo, ingia kwenye umbo la picha, tafuta chaguo la kuonyesha picha nzima. Kama kunabaki weusi pembeni, uache. Wateja wakawa wanasema fundi Yasini amekuwa mwanasheria. Hawakujua nilikuwa namfanyia nani kazi hiyo.

Miaka miwili ikapita hivyo. Siku moja Mama Rehema alinifungia chapati kwenye kitambaa, akaniwekea mlangoni viatu. Nikapanda basi. Mimi, ambaye Ilagala niliiona mbali. Nilipata kibali kwa msaada wa Anjela, ambaye kwa wakati huo alikuwa amehamishiwa kule kambini. Nilimweleza na yeye ukweli pale getini, nikiwa nimesimama. Akasema, "Na mimi nilikuwa naamini alisinzia, baba," akafuta macho, akanionyesha njia.

Kwenye nyumba ya Godeliva nilikuta mama mwingine anachambua maharage. Nikamsalimu kwa Kiha, nikamuuliza.

"Godeliva? Alirudi Burundi mwezi uliopita. Alisema anakwenda kumtafuta mama yake." Akatazama chapati zangu, nguo zangu za safari. "Wewe ni nani wake?"

"Namfahamu tu. Alikuwa mzima?"

"Mzima. Mtu mzuri, ila alikuwa na kitu chake." Akatupa maharage mabovu pembeni. "Hakai. Kanisani anasimama. Kwenye foleni ya chakula watu wanakaa chini, yeye wima. Mikutano yote, wima. Tukimvuta akae anasema, niacheni, mimi nikikaa nasinzia, na nikisinzia watu wananipita. Miaka yote miwili. Tukawa tunamtania, tunamwita mlinzi."

Nilimwachia chapati. Sikuwa na mtu mwingine wa kumpa.

Naandika haya kwa ninyi mnaoshika kazi sasa, mnaonunua adapta kwa kutazama umbo. Lakini karatasi husafiri, na ng'ambo ya ziwa kuna watu wanaosoma Kiswahili. Akitokea mmoja wenu anayemjua mwanamke anayeitwa Godeliva, mama yake Veronika mwenye jicho jeupe, amtafsirie haya kwa Kirundi, yote, asikate juu wala chini: Hukusinzia, mama. Nilikuwa nimesimama pale, nilikuona. Mama yako alikuwa safu ya nne, na safu ya nne niliikata mimi. Kaa chini, upumzike.